Unyasi wa Sungura

Shuleni kwetu Greenock, Novemba ikiishia,
jua hutoka kazini kabla yangu.
Saa tisa na nusu alasiri taa zimeshawaka,
mvua inakuja imelala ubavu kutoka mtoni,
nami nasukuma ufagio korido ya darasa la tatu.
Subira yavuta heri, nimekua nikisikia.
Huku inavuta kwanza maji hadi kwenye soksi.

Missi Tuta, watoto wananiita. Restituta limewashinda.
Sijawaambia kwetu tuta ni la viazi,
au lile la barabarani
linalolazimisha magari yapunguze mwendo.

Majilio haya Bi McGarvie, mwalimu mkuu,
amepiga marufuku kalenda za chokoleti.
Ameweka hori mlangoni, la mbao za kreti,
tupu kama tumbo la Ijumaa Kuu.
"Kila tendo jema la siri, unyasi mmoja.
Mtoto asije akalala kwenye misumari."
Nyasi zenyewe zimenunuliwa duka la wanyama;
mfuko una picha ya sungura mnene.

Jumatatu ya kwanza hori lilifurika.
Sijui ulikuwa utakatifu au mashindano.
Ciara alitia kumi na moja, akatangaza korido nzima
kwamba amempenda kaka yake mara kumi na moja, kwa siri.

Lakini jioni, nikifagia, hori limepungua.
Unyasi mmoja chini ya benchi. Jumanne, miwili.
Nikadhani panya.
Alhamisi nikamwona panya:
Lorcan Devanney, miaka minane, kamba ya kiatu imefunguka,
anachomoa unyasi polepole
kama mtu anayejitoa mwiba.
"Huu ulikuwa wangu wa jana," akasema.
"Leo nimemsukuma Kacper dimbwini. Haufai tena."

Nilitaka kumwambia hesabu za Mungu hazina kutoa.
Nani aliniambia hivyo? Sikumbuki.
Nikainama nikaokota unyasi, nikautia mfukoni mwa aproni.

Ijumaa akaja Padre Dunleavy kuungamisha.
Ukumbi wa michezo, harufu ya raba na nyama ya kusaga,
amekalia kiti cha watoto, magoti jirani na kidevu,
stola ya zambarau inaburuta
kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi.
Watoto kwenye mstari wanaazimana dhambi:
"Nipe moja, mimi nimesahau zangu."
Nyuma ya Lorcan nikasimama mimi, na ndoo.

Nilianza kwa Kiingereza. Ikagoma kutoka.
Ikatoka kwa Kiswahili, yote, na matope yake:
cherehani ya marehemu mama,
Desideria aliyeibeba usiku wa arobaini,
maneno niliyomtupia, ambayo simu iliyafikisha salama hadi Namanyere,
Desideria, Krismasi nne bila salamu,
Desideria.

Padre hakuelewa hata silabi.
Alikaa ameinamisha kichwa mpaka nilipoishiwa,
kisha akauliza:
"Huyo unayemtaja. Yuko hai?"
"Yuko."
"Basi," akasema,
akainua mkono wa maondoleo,
na kiti kikalia chini yake.

Injili ya Jumapili ilisema kesheni.
Nimeisikia miaka hamsini nikidhani ni namna ya kusema.
Usiku huo nilikesha, nimekaa jikoni na koti mwilini,
hita imezimwa kwa sababu ya bili,
unyasi wa Lorcan juu ya meza karibu na chumvi.
Saa tano. Saa saba. Mvua ikapumzika, ikarudi.
Saa tisa usiku kwangu, saa kumi na mbili kwake:
yeye huamka na majogoo, sare za Januari hazimsubiri mtu.

Simu ikaita. Ikaita.
Nikaanza kutamani asipokee.

"Nani?"

Nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa ikikimbia,
ile ile, yenye kikohozi kila ikifika pindo.
Nikasema jina langu lote, Restituta,
silabi nne, pasipo kukata hata moja.

Cherehani ikasimama.